Homa ya mafua: Inazuiwaje isitoke mabweni ya vyuo vikuu hadi mwambao wa Ziwa Mweru?

Msimu wa baridi kavu unapoingia nchini Zambia, kati ya Mei na Agosti, kikohozi huanza kusikika kwanza mahali ambapo watu wengi hulala katika chumba kimoja. Mwanafunzi wa chuo kikuu jijini Lusaka au mjini Kitwe huamka akiwa na homa, koo likimuwasha na viungo vikimuuma. Siku mbili baadaye wenzake wa chumbani nao wanaugua. Chuo kinapofunga, anapanda basi kwenda kwao Chienge, safari inayozidi kilomita elfu moja kutoka Lusaka, huku madirisha ya basi yakiwa yamefungwa usiku kucha kwa ajili ya baridi. Nyumbani anapokelewa na bibi yake, wajomba wavuvi na watoto wadogo wanaomkimbilia kumlaki.

Kwa kijana mwenye afya njema, ugonjwa huo kwa kawaida humlaza siku chache akapona. Kwa bibi au kwa mtoto wa miaka miwili, ugonjwa uleule unaweza kugeuka nimonia na kuwa suala la uhai na kifo. Kando ya Ziwa Mweru kuna ugumu mwingine: karibu kila homa huhesabiwa kuwa malaria, na homa ya mafua hupita bila kutambuliwa.

Makala hii inaeleza ugonjwa huu ni upi, unaenea vipi, na hatua zipi zinaweza kuukatia njia kuanzia bwenini, kupitia safarini, hadi kijijini na katika kambi za wavuvi.

Homa ya mafua ni nini?

Homa ya mafua, au influenza, ni ugonjwa wa mfumo wa hewa unaosababishwa na virusi. Si sawa na mafua ya kawaida, ambayo huanza polepole kwa kutokwa na kamasi na kupiga chafya. Homa ya mafua huanza ghafla: joto la mwili hupanda, kichwa na misuli huuma, mwili huishiwa nguvu, na kikohozi kikavu hufuata. Homa yenyewe huisha kwa kawaida ndani ya wiki moja, ingawa kikohozi huweza kuendelea kwa wiki mbili au zaidi.

Virusi vya influenza vimegawanyika katika aina nne: A, B, C na D. Milipuko ya kila msimu husababishwa na aina A na B. Aina A ndiyo iliyoleta magonjwa ya mlipuko ya dunia nzima, kwa kuwa hupatikana pia kwa ndege na nguruwe na hubadilika haraka.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa kila mwaka watu wapatao bilioni moja duniani hupata homa ya mafua ya msimu. Kati yao, milioni tatu hadi tano huugua vibaya, na kati ya 290,000 na 650,000 hufariki kwa matatizo ya kupumua yanayotokana na ugonjwa huo. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano, asilimia 99 ya vifo vinavyotokana na maambukizi ya mapafu yanayohusishwa na influenza hutokea katika nchi zinazoendelea.

Virusi husafiri kwa matone madogo na chembechembe za hewa zinazotoka mtu anapokohoa, anapopiga chafya au hata anapozungumza. Huweza pia kubebwa na mikono iliyogusa kitasa, simu au kikombe chenye virusi, kisha ikagusa macho, pua au mdomo. Dalili hujitokeza siku moja hadi nne baada ya kuambukizwa, kwa wastani siku mbili. Jambo linaloufanya ugonjwa huu kuwa mgumu kuzuia ni kwamba mtu huanza kuambukiza wengine siku moja hivi kabla hajajihisi mgonjwa, na huendelea kwa siku tano hadi saba baada ya kuugua. Watoto wadogo na wenye kinga dhaifu huambukiza kwa muda mrefu zaidi.

Kwa nini vyuo vikuu?

Chuo kikuu ni mji mdogo uliojaa vijana wanaokula, kusoma na kulala pamoja. Mabweni ya vyuo vingi vya umma katika ukanda huu hubeba wanafunzi wengi kuliko idadi iliyokusudiwa. Chumba cha wawili hulalwa na wanne au zaidi, hali ambayo wanafunzi wa Dar es Salaam wameipa jina la kubebana. Bomba moja la maji hutumiwa na ghorofa nzima, na wakati mwingine halitoi maji. Kumbi za mihadhara hujaa, na wakati wa mitihani hakuna anayetaka kukosa kipindi kwa sababu ya kikohozi.

Afrika Mashariki ina mfano wa karibu. Mgonjwa wa kwanza wa homa ya H1N1 nchini Kenya, aliyethibitishwa Juni 29, 2009, alikuwa mwanafunzi kijana kutoka Uingereza aliyefika na kundi la wenzake katika eneo la Kisumu. Siku 18 kabla ya hapo, Juni 11, WHO ilikuwa imetangaza kuwa ugonjwa huo umeenea duniani. Wanafunzi hao walitengwa na watu waliokutana nao wakafuatiliwa, lakini tukio hilo lilionesha jinsi kundi moja la vijana wanaosafiri pamoja linavyoweza kuvusha virusi kutoka bara moja hadi jingine kwa muda wa siku chache.

Kuna pia ushahidi kuhusu kinga ndani ya mabweni. Katika msimu wa baridi wa mwaka 2006 na 2007, watafiti nchini Marekani waliwafuatilia zaidi ya wanafunzi 1,400 waliokuwa wakiishi katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Michigan. Kundi moja lilivaa barakoa na kusafisha mikono kwa kitakasa mikono, jingine lilivaa barakoa tu, na la tatu halikufanya lolote kati ya hayo. Katika baadhi ya wiki za utafiti, kundi lililounganisha barakoa na usafi wa mikono lilikuwa na wagonjwa wenye dalili za homa ya mafua pungufu kwa asilimia 35 hadi 51 kuliko kundi lisilofanya lolote. Barakoa peke yake haikuonesha tofauti ya kutegemewa. Kwa maneno mengine, hatua moja haitoshi. Kinga hupatikana pale hatua kadhaa zinapotumika kwa pamoja.

Njia za ziwani

Wilaya za Chienge na Nchelenge, katika mkoa wa Luapula, zimetandazwa kando ya Ziwa Mweru, mpakani mwa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mtu anaweza kudhani kuwa eneo lililo mbali kiasi hicho na miji mikubwa lina kinga ya umbali. Ukweli ni kinyume chake, kwani mwambao huu ni njia kuu ya watu.

Kashikishi hupokea wachuuzi wanaofuata samaki kutoka Ukanda wa Shaba na Kongo. Boti huvuka kwenda kisiwa cha Kilwa na ng'ambo ya pili. Kaskazini mwa ziwa, watu wa Chienge na wa Pweto upande wa Kongo hutembeleana kwa biashara na undugu. Wavuvi wa chisense, samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa mwanga wa taa, huhama kutoka kambi moja hadi nyingine, wakilala wengi katika vibanda vya nyasi.

Kalenda ya uvuvi nayo ina nafasi yake. Kila mwaka, kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, serikali husimamisha uvuvi ili samaki wazaliane. Kambi hupungua watu, wavuvi hurudi vijijini, na Machi hujaa tena. Kila mzunguko kama huo ni nafasi ya virusi kubadilisha makazi.

Tangu Agosti 2017, maelfu ya Wakongo waliokimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika waliingia Zambia kupitia eneo hili. Walipokewa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani, kisha mwaka 2018 wakaanza kuhamishiwa katika makazi ya Mantapala wilayani Nchelenge. Wengi wao huzungumza Kiswahili au Kibemba. Palipo na foleni za chakula, shule zilizojaa na nyumba ndogo, kanuni za kuzuia mafua ni zilezile za bweni la chuo kikuu, tofauti ni kwamba vifaa ni vichache zaidi.

Mafunzo ya historia

Eneo hili la Afrika lina kumbukumbu chungu za influenza. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1918, homa iliyokuja kuitwa ya Kihispania ilipanda kutoka Cape Town kwa njia ya reli kuelekea kaskazini. Ilifika wakati Vita Kuu ya Kwanza ikimalizika. Jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, Novemba 25, 1918. Wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi kwa miaka minne, waliojulikana kama tenga-tenga, walianza kurejea vijijini kwao wakiwa wamedhoofika kwa njaa na uchovu, na ugonjwa ukasafiri katika njia zilezile. Makadirio ya vifo duniani hutofautiana, kuanzia milioni 17 hadi milioni 50 au zaidi. Wengi walifariki kwa nimonia ya bakteria iliyofuata baada ya mafua, na vijana wa umri wa miaka 20 hadi 40 walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi.

Mwaka 2002, influenza aina ya A(H3N2) iliingia katika vijiji vya nyanda za juu vya Madagascar. Zaidi ya watu 27,000 waliugua na zaidi ya 700 walifariki, wengi wao wakiwa katika maeneo ya mashambani yenye utapiamlo na huduma haba za afya.

Tukio la karibu zaidi lilitokea Panzi, katika jimbo la Kwango kusini magharibi mwa Kongo. Kati ya Oktoba 24 na Desemba 5, 2024, wagonjwa 406 na vifo 31 viliripotiwa kutokana na kile kilichoitwa ugonjwa usiojulikana. Wengi walikuwa watoto. Vipimo vya maabara vilipokamilika, haukukutwa ugonjwa mpya. Palikuwa na malaria, virusi vya kawaida vya mfumo wa hewa ikiwemo influenza A(H1N1), na utapiamlo, vyote vikiwa vimekutana katika miili ileile.

Malaria, mafua, au vyote viwili?

Funzo la Panzi linaigusa Nchelenge moja kwa moja. Wilaya hiyo ni miongoni mwa maeneo yenye maambukizi makubwa zaidi ya malaria nchini Zambia, na mbu waenezao ugonjwa huo huwapo mwaka mzima. Katika baadhi ya tafiti zilizofanywa majumbani katika miaka ya 2010, karibu nusu ya watu waliopimwa walikutwa na vimelea vya malaria, wakiwemo wengi ambao hawakuwa wakiumwa.

Hii ina maana mbili. Kwanza, mtu mwenye homa na kikohozi anaweza kupimwa akakutwa na malaria, ilhali kinachomlaza siku hiyo ni influenza. Vimelea vilikuwamo mwilini tangu zamani, na baadhi ya vipimo vya haraka huendelea kuonesha malaria kwa wiki kadhaa hata baada ya tiba. Pili, mtu anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kupima malaria ni lazima, na kutibiwa iwapo kipimo kimeonesha vimelea ni lazima vilevile, kwani malaria isiyotibiwa huua haraka. Lakini kipimo hicho hakimalizi maswali. Ikiwa mgonjwa anakohoa, ikiwa watu wengine wa nyumba hiyo waliugua ndani ya siku mbili tatu zilizopita, au ikiwa kuna mgeni aliyetoka safarini akiwa na mafua, familia inapaswa kuchukua tahadhari za kuzuia maambukizi ya hewa bila kusubiri jibu la maabara. Chandarua humzuia mbu. Hakizuii kikohozi cha mtu mliyelala naye.

Hatua za kujikinga chuoni

Hatua ya kwanza ni mgonjwa kujitenga. Mwanafunzi mwenye homa na kikohozi abaki chumbani, asiende darasani, maktabani wala katika ukumbi wa chakula, hadi zipite angalau saa 24 tangu homa ilipoisha bila msaada wa dawa za kushusha joto. Ili hilo liwezekane, uongozi wa chuo unapaswa kumwondolea hofu ya adhabu: mtihani uliokosekana kwa ugonjwa upangiwe siku nyingine, na mwenzake aruhusiwe kumpelekea chakula mlangoni. Mwanafunzi anayeogopa kupoteza mwaka mzima ataficha kikohozi chake.

Pale ambapo chumba ni kimoja na wanaolala ni wengi, mgonjwa alale karibu na dirisha lililo wazi, vitanda vitenganishwe kadiri inavyowezekana, na wenye pumu au maradhi mengine ya muda mrefu wahamishiwe kwingine kwa siku hizo. Mgonjwa avae barakoa anapokuwa na wengine. Hewa safi haigharimu chochote: madirisha na milango ya kumbi za mihadhara ifunguliwe hata wakati wa baridi.

Mikono inawiwe kwa maji tiririka na sabuni kwa sekunde zisizopungua 20, au kwa kitakasa mikono chenye kileo kisichopungua asilimia 60. Vitasa, meza na swichi zisafishwe mara kwa mara, kwa kuwa virusi huweza kuishi juu ya vitu vigumu kwa saa 24 hadi 48. Vikombe, miswaki na taulo visishirikishwe.

Jambo jingine ni safari. Machi 2020, Zambia ilifunga shule na vyuo vyote siku mbili baada ya kutangaza wagonjwa wake wawili wa kwanza wa Uviko-19, hivyo maelfu ya vijana wakarudi makwao kwa mkupuo. Hatua hiyo ilikuwa na sababu zake katika ugonjwa mpya usio na tiba. Kwa homa ya mafua, hata hivyo, si busara kumpandisha mgonjwa katika basi. Ni afadhali aahirishe safari kwa siku tano hadi saba kuliko kuipeleka homa hiyo kwa abiria wote na hatimaye kwa wazee wa kijijini.

Nyumbani na kambini

Anayefika Chienge kutoka mjini akiwa na dalili, au aliyekaa na mgonjwa siku chache zilizopita, ana haki ya kukaribishwa, lakini makaribisho yanaweza kubadilishwa sura. Salamu zitolewe kwa umbali. Kwa siku nne za mwanzo mgeni asilale chumba kimoja na mzee au mtoto mchanga, na mazungumzo yafanyike barazani au chini ya mti, ambako upepo wa ziwa huondoa chembechembe za hewa.

Katika mila nyingi za ukanda huu, watu hunawa mikono katika beseni moja na kula sahani moja. Wakati wa mafua, maji yamiminwe juu ya mikono ya kila mmoja badala ya kuchovya kwa zamu, na mgonjwa apakuliwe chakula chake pembeni. Pasipo na bomba, kibuyu chirizi, yaani dumu dogo lililotundikwa na kuinamishwa kwa kamba inayovutwa kwa mguu, hutosha kutoa maji tiririka kwa familia au kambi nzima.

Katika kambi za uvuvi, mvuvi mwenye homa abaki nchi kavu. Ndani ya mtumbwi hakuna mahali pa kumkimbia mwenzako anayekohoa. Vibanda viachiwe nafasi ya kupitisha hewa juu ya ukuta. Moshi wa kukaushia samaki usiingie katika vibanda vya kulala, kwani mapafu yaliyokwisha kuathiriwa na moshi hupambana na maambukizi kwa shida.

Chanjo na dawa

Chanjo ya homa ya mafua hubadilishwa kila mwaka kufuata virusi vinavyozunguka. WHO hutoa mapendekezo ya muundo wake mara mbili kwa mwaka, mwezi Februari kwa ajili ya kaskazini mwa dunia na Septemba kwa ajili ya kusini. Kinga hujengeka takriban wiki mbili baada ya kuchanjwa. Wanaopewa kipaumbele ni wajawazito, watoto wa miezi sita hadi miaka mitano, wazee, wenye magonjwa sugu na wahudumu wa afya.

Nchini Zambia chanjo hii haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto, na wengi hawaipati. Hata hivyo chanjo ya nimonia ya pneumokoka, iliyoingizwa katika ratiba mwaka 2013, pamoja na ile ya surua, humlinda mtoto dhidi ya matatizo yanayoweza kufuata au kuambatana na mafua. Kukamilisha chanjo hizo kliniki ni sehemu ya kujikinga.

Wagonjwa wengi huhitaji kupumzika, kunywa maji mengi na parasetamo ya kushusha homa. Watoto na vijana wasipewe aspirini wakiwa na homa ya mafua, kwa kuwa huweza kuleta madhara ya nadra lakini makubwa katika ini na ubongo. Viuavijasumu haviui virusi. Hutumika pale mhudumu wa afya anapobaini nimonia ya bakteria. Ipo dawa ya virusi iitwayo oseltamivir, ambayo husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 za mwanzo, na hutolewa hospitalini kwa walio katika hatari.

Wakati gani wa kukimbilia hospitali?

Mgonjwa apelekwe haraka katika kituo cha afya au hospitali, kama ile ya St Paul's iliyoko Kashikishi, iwapo ataonekana na mojawapo ya dalili hizi:

- Kupumua kwa shida au kwa kasi, au kifua cha mtoto kubonyea ndani anapovuta pumzi
- Midomo au kucha kugeuka rangi ya bluu au kijivu
- Kuchanganyikiwa, kusinzia kupita kiasi au degedege
- Mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, au kutapika kila kitu
- Homa iliyokwisha kutulia kurudi tena ikiwa kali pamoja na kikohozi kizito

Mjamzito, mtoto mchanga, mzee, na anayeishi na virusi vya UKIMWI hasa ambaye hajaanza au ameacha dawa, wasisubiri dalili hizo. Waonwe na mhudumu mapema. Na kikohozi kinachozidi wiki mbili kipimwe kifua kikuu.

Virusi vya influenza havina miguu wala mabawa. Husafirishwa na watu, kwa basi, kwa boti na kwa kukumbatiana. Katika msafara huo mrefu kati ya bweni la chuo na mtumbwi wa Ziwa Mweru, kila kituo ni mahali pa kuukata mnyororo, na mara nyingi kinachohitajika ni dirisha lililofunguliwa, maji, sabuni, na mgonjwa mmoja aliyeruhusiwa kupumzika.